Daftari Linalokumbusha: Kompyuta na Matunzo ya Watu Wanaoishi na VVU

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa kawaida methali hii huambiwa mwenye duka. Katika makala haya tutaitumia kwa mali ya namna nyingine, yaani afya ya mtu anayeishi na virusi vya UKIMWI (VVU). Mtu huyu akipotea katika orodha ya kliniki, au kipimo chake kikisahauliwa mwaka mzima, hasara haionekani siku ile ile. Huonekana baada ya miezi mingi, wakati dawa zimekwisha kushindwa na mwili umekwisha kudhoofika.

Tangu mwaka 2001 vituo vya afya vya Afrika Mashariki vimekuwa vikiongeza hatua kwa hatua matumizi ya kompyuta katika kutunza kumbukumbu za wagonjwa. Tutaeleza kwanza kwa nini ugonjwa huu unahitaji kumbukumbu za pekee. Kisha tutafuata historia ya mfumo ulioanzia katika kituo kimoja cha mashambani nchini Kenya, tutazame hisabati inayouwezesha kutambua makosa, na tupime ushahidi uliopatikana. Msomaji ataona kwamba kuhifadhi habari ni nusu tu ya kazi. Nusu ya pili, ambayo ndiyo ngumu, ni kuirudisha habari hiyo kwa mhudumu wa afya wakati mgonjwa angali mbele yake.

UGONJWA UNAOHITAJI KUMBUKUMBU NDEFU

Mgonjwa wa malaria isiyo kali hutibiwa kwa siku chache, akapona, na kadi yake ikawekwa kando. VVU havimwachi mtu hivyo. Virusi hivi huingia katika chembe nyeupe za damu ziitwazo CD4, ambazo ni miongoni mwa viongozi wa kinga ya mwili, na kuzitumia kama karakana ya kuzalishia virusi vingine. Dawa zilizopo huzuia uzalishaji huo. Hata hivyo haziviondoi virusi vyote mwilini, kwa kuwa baadhi yake hujificha ndani ya chembe zilizo katika hali ya usingizi. Mtu akiacha dawa, virusi vilivyojificha huamka na kuanza kuongezeka upya. Ndiyo sababu tangu matibabu ya mchanganyiko wa dawa yalipoanza kuenea mwaka 1996, mgonjwa amekuwa akishauriwa kumeza dawa kila siku katika maisha yake yote.

Matibabu ya maisha yote huzaa kumbukumbu za maisha yote. Shirika la Afya Duniani hushauri kwamba wingi wa virusi katika damu upimwe miezi 6 baada ya kuanza dawa, upimwe tena katika mwezi wa 12, na baada ya hapo kila mwaka. Ikionekana kwamba virusi vimezidi 1,000 katika kila mililita ya damu, mgonjwa husaidiwa kutafuta sababu zinazomzuia kumeza dawa barabara, kisha hupimwa tena baada ya miezi 3. Virusi vikiwa bado vingi, huenda vimekuwa sugu, na mganga hulazimika kufikiria kubadili dawa. Hapo hapo kuna uchunguzi wa kifua kikuu, dawa za kuzuia magonjwa nyemelezi, na, kwa mama mjamzito, mipango ya kumkinga mtoto. Mtoto aliyezaliwa na mama mwenye VVU hupaswa kupimwa afikapo umri wa wiki 4 hadi 6, na vipimo vingine hufuata mpaka anyonyeshwapo kwa mara ya mwisho na baadaye.

Tazama jinsi kila hatua inavyotegemea hatua iliyotangulia. Mhudumu hawezi kujua kama kipimo cha leo kimechelewa bila kujua tarehe ya kipimo kilichopita. Tena hawezi kujua kama dawa zimeshindwa bila kuwa na majibu mawili ya kulinganisha.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mama mmoja anafika kliniki asubuhi, na mbele yake kuna watu arobaini. Jalada lake lina unene wa vidole viwili. Jibu la wingi wa virusi lililotoka maabara miezi minne iliyopita limeandikwa kwenye kipande cha karatasi, na kipande hicho kimeingia kati ya kurasa za mwaka juzi. Tabibu ana dakika chache tu. Anamwuliza mama hali yake, mama anajibu kwamba hajambo, naye anaandika dawa zile zile. Hakuna aliyefanya uzembe. Hata hivyo mama huyu anarudi nyumbani na dawa ambazo huenda zimekwisha kushindwa, na itapita miezi mingine kabla ya jalada lake kufunguliwa tena.

Karatasi ina sifa zake: haihitaji umeme, na kila mhudumu anajua kuitumia. Lakini jalada haliwezi kuwa mahali pawili kwa wakati mmoja. Tena jalada haliwezi kuulizwa swali. Ukitaka kujua ni watu wangapi kati ya elfu tatu ambao hawajapimwa mwaka huu, huna budi kuyafungua majalada yote elfu tatu.

KUTOKA INDIANAPOLIS HADI MOSORIOT

Wazo la kuifanya kumbukumbu ijitokeze yenyewe na kusema ni la zamani kuliko VVU. Mwaka 1976 daktari Clement McDonald, aliyekuwa akifanya kazi katika Taasisi ya Regenstrief mjini Indianapolis, Marekani, alichapisha matokeo ya jaribio moja. Kompyuta ilisoma habari za wagonjwa kwa kufuata kanuni zilizowekwa, kisha ikachapa mapendekezo kwenye karatasi na kumpa daktari kabla hajamwona mgonjwa. Madaktari walipopewa mapendekezo hayo walichukua hatua katika asilimia 51 ya mambo yaliyohitaji hatua. Wasipopewa, madaktari wale wale walichukua hatua katika asilimia 22 tu.

McDonald hakuhitimisha kwamba madaktari walikosa elimu. Walijua la kufanya. Tatizo lilikuwa kwamba akili ya binadamu, hata iwe hodari namna gani, haiwezi kuangalia mamia ya habari ndogo ndogo kwa muda mrefu bila kupitiwa. Mwalimu aliyepata kusahihisha madaftari mia moja na ishirini usiku mmoja ataelewa maana ya maneno haya.

Karibu na mwaka 1990 Chuo Kikuu cha Indiana kilianza ushirikiano na Chuo Kikuu cha Moi mjini Eldoret. Kutokana na ushirikiano huo, mwaka 2001 mfumo wa kompyuta wa kumbukumbu za wagonjwa uliwekwa katika kituo cha afya cha Mosoriot, katika nchi ya Wanandi, kusini mwa Eldoret. Miongoni mwa waliouongoza mradi huo walikuwa Joseph Rotich wa Chuo Kikuu cha Moi na William Tierney wa Indiana. Vifaa vyao vilikuwa vya kadiri: kompyuta mbili zilizounganishwa, pamoja na akiba ya umeme kwa ajili ya saa ambazo umeme hukatika.

Utaratibu nao ulikuwa rahisi. Mgonjwa alipofika, karani alimwandikisha katika kompyuta na kumpa fomu ya mahudhurio ya siku hiyo. Mgonjwa alikwenda nayo kwa tabibu, maabara na dirisha la dawa, na kila mhudumu akajaza sehemu yake. Mgonjwa alipokuwa akiondoka, fomu ilirudi kwa karani, ambaye aliingiza habari zake katika kompyuta. Kwa njia hiyo tabibu hakulazimika kujifunza kupiga chapa, wala kazi haikusimama umeme ulipokatika.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2003. Muda ambao mgonjwa alikaa kituoni ulipungua kwa asilimia 22, na muda ambao mhudumu alitumia kwa kila mgonjwa ulipungua kwa asilimia 58. Watafiti hao waliandika pia jambo lisilopendeza sana: sehemu ya muda uliookolewa haikurudi kwa wagonjwa, kwani wahudumu waliutumia kwa shughuli zao binafsi. Kwa hiyo mashine yaweza kuokoa saa, lakini jinsi saa hiyo itakavyotumiwa huamuliwa na uongozi wa kituo.

Mwaka ule ule wa 2001 vyuo hivyo viwili, pamoja na Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi, vilianzisha mpango wa matibabu ya VVU uitwao AMPATH. Mfumo wa Mosoriot ulitengenezwa upya ili uyafae matibabu hayo. Idadi ya wagonjwa iliongezeka upesi mno. Mwaka 2004 Paul Biondich na Burke Mamlin wa Taasisi ya Regenstrief walipofika Eldoret waliona kwamba ghala la kumbukumbu limekaribia kulemewa. Wakishirikiana na Hamish Fraser wa shirika la Partners In Health, lililokuwa likitibu wagonjwa Haiti na Rwanda, walibuni mfumo mpya ulioitwa OpenMRS. Mwaka 2006 mfumo huo ulianza kutumika Eldoret. Maandishi ya programu yake hutolewa bure, na mtaalamu wa nchi yoyote ana ruhusa ya kuyasoma, kuyarekebisha na kuyatumia.

KAMUSI NDANI YA KOMPYUTA

Moyo wa mfumo huu ni kitu kinachofanana na kamusi. Katika mifumo mingi ya zamani, kila swali lililokuwa kwenye fomu lilitengewa safu yake katika jedwali. Wizara ilipoongeza kipimo kipya au dawa mpya, ilibidi mtaalamu alivunje jedwali na kulijenga upya. Katika OpenMRS kila jambo la kitabibu, kama vile uzito, homa, jina la dawa au wingi wa virusi, huingizwa kwanza katika kamusi na kupewa namba yake. Kumbukumbu ya mgonjwa huwa ni mfululizo wa sentensi fupi: mtu fulani, tarehe fulani, jambo fulani, thamani fulani. Dawa mpya ikija, kinachoongezwa ni neno moja katika kamusi.

Faida ya mpango huu imeonekana wazi kwa sababu kanuni za matibabu ya VVU zimebadilika mara nyingi. Katika miaka ya mwanzo dawa zilitolewa baada ya CD4 kushuka chini ya kiwango maalumu. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba kila mtu mwenye VVU aanze dawa bila kungoja kiwango chochote. Leo wingi wa virusi ndio kipimo kikuu cha kufuatilia matibabu, na CD4 hupimwa hasa ili kutambua mgonjwa ambaye kinga yake imeshuka sana. Mfumo uliojengwa juu ya kamusi uliweza kufuata mabadiliko hayo pasipo kupoteza habari za zamani.

HISABATI YA KUMTAMBUA MTU

Kumbukumbu njema iliyowekwa kwa mtu asiyehusika ni hatari kuliko kutokuwa na kumbukumbu. Majina peke yake hayatoshi kuwatofautisha watu. Katika nchi ya Wakalenjin, kwa mfano, jina Kipkoech hupewa mtoto wa kiume aliyezaliwa alfajiri, na Chepkoech mtoto wa kike. Kwa kuwa alfajiri huja kila siku, si ajabu kuwakuta akina Kipkoech kadhaa katika kliniki moja. Tarehe za kuzaliwa nazo huenda zikawa za kukisia. Kwa hiyo kila mgonjwa hupewa namba.

Lakini namba nayo huandikwa na binadamu, na binadamu hukosea. Makosa yanayotokea mara nyingi zaidi ni mawili: kubadili tarakimu moja, na kupindua tarakimu mbili zilizo jirani. Ili kuyanasa makosa hayo, mwishoni mwa namba huongezwa tarakimu moja ya uhakiki, ambayo hutokana na hesabu ya tarakimu zilizotangulia. Hesabu itumikayo sana huitwa kanuni ya Luhn. Hebu tuifanye kwa namba 13957.

Anzia kulia. Tarakimu ya kwanza, ya tatu na ya tano zizidishe kwa 2, na zilizobaki ziache kama zilivyo. Jibu la kuzidisha likiwa na tarakimu mbili, zijumlishe tarakimu hizo. Basi 7 mara 2 ni 14, nayo 1 na 4 ni 5. Kisha 5 hubaki 5. Halafu 9 mara 2 ni 18, nayo 1 na 8 ni 9. Kisha 3 hubaki 3. Mwisho 1 mara 2 ni 2. Jumla ya 5, 5, 9, 3 na 2 ni 24. Ili kufikia 30, ambayo ndiyo kumi inayofuata, inahitajika 6. Tarakimu ya uhakiki ni 6, na namba kamili ya mgonjwa ni 13957-6.

Sasa karani achoke na kuandika 13597-6, akipindua 9 na 5. Kompyuta hurudia hesabu ile ile na kupata 5, 9, 1, 3 na 2, ambazo jumla yake ni 20. Jumla hiyo inataka tarakimu ya uhakiki iwe 0, na karani ameandika 6. Kompyuta huikataa namba hiyo hapo hapo, kabla habari za mtu mmoja hazijaingia katika kumbukumbu za mwingine. Kanuni hii hunasa kila kosa la kubadili tarakimu moja, na karibu kila kosa la kupindua majirani. Iko jozi moja tu inayoiponyoka, na jozi hiyo tumeiweka katika maswali ya mwisho wa makala haya.

KUMBUKUMBU INAPOSEMA

Habari zikisha kuingia katika kompyuta bila makosa, kazi ya kukumbusha yaweza kuanza. Kanuni ya kitabibu huandikwa kwa namna ambayo mashine inaielewa: ikiwa mtu anatumia dawa, na ikiwa miezi 12 imepita tangu kipimo chake cha mwisho, basi andika kwamba kipimo kimechelewa. Kompyuta huisoma kumbukumbu ya kila mgonjwa anayetarajiwa siku hiyo, huzipitia kanuni zote, na kuchapa muhtasari wa ukurasa mmoja. Juu huwa na majibu ya karibuni na mwelekeo wake, chini huwa na vikumbusho. Muhtasari huo hubandikwa mbele ya jalada.

Je, njia hii yafaa kweli katika kliniki yenye msongamano na matabibu wachache? Daktari Martin Were na wenzake walilichunguza swali hilo huko Eldoret, na mwaka 2011 walichapisha jibu. Wakati huo kipimo cha CD4 kilikuwa bado ndicho dira ya matibabu. Walilinganisha kliniki mbili, moja yenye vikumbusho na nyingine isiyo navyo. Katika kliniki yenye vikumbusho, vipimo vilivyohitajika viliagizwa kwa asilimia 53, na katika ile nyingine kwa asilimia 38. Tena, haikuwa kila mara muhtasari ulichapishwa kama ilivyopangwa. Watafiti walipoyatazama mahudhurio ambayo muhtasari ulichapishwa, asilimia ilipanda hadi 63.

Msomaji aitafakari tofauti kati ya 53 na 63. Programu ilikuwa moja, na kanuni zilikuwa zile zile. Kilichotofautiana ni kama karatasi ilifika mezani kwa tabibu. Printa isiyo na wino yaweza kuivunja kazi ya wahandisi wa miaka mitano.

Uchunguzi wa pili, uliochapishwa mwaka 2013, ulihusu watoto: wale wenye VVU na wale waliozaliwa na mama wenye VVU. Hapa hatari ni kubwa zaidi, kwa maana ugonjwa humwendea mtoto mchanga kwa kasi, na mtoto hawezi kumkumbusha tabibu. Watoto waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi mawili. Katika kundi ambalo vikumbusho vilitolewa, mambo yaliyochelewa yalitimizwa kwa asilimia 68. Katika kundi ambalo havikutolewa, yalitimizwa kwa asilimia 18 tu. Nyuma ya tarakimu hizi mbili wako watoto waliopimwa mapema, na wako wengine walioendelea kusubiri.

Kukumbusha kuna upande wa pili. Kila jioni mfumo unaweza kutoa orodha ya waliotarajiwa kufika na hawakufika. Orodha hiyo hupewa wahudumu wa jamii, ambao humtafuta mgonjwa kwa simu au kwa miguu, wakijua kwamba huenda amekosa nauli, amehama, au anaogopa kuonekana kliniki. Katika majalada ya karatasi, mtu asiyekuja hana sauti. Jalada lake hukaa kimya rafuni pamoja na mengine.

NJIA MBALIMBALI KATIKA NCHI JIRANI

Nchi nyingine zimechagua njia zao. Nchini Malawi, shirika la Baobab Health lilitengeneza kompyuta zenye skrini za kugusa, zinazotumia umeme kidogo na kusaidiwa na betri, ambazo mhudumu huzitumia mwenyewe akiwa na mgonjwa. Mashine humwuliza swali moja baada ya jingine, naye hujibu kwa kidole. Kikumbusho huja papo hapo, pasipo kungoja karani. Lakini mashine ikiharibika, kazi nayo hukwama, na kwa hiyo fundi hana budi kuwa karibu.

Tanzania ilianza kutoa dawa katika vituo vya umma mwaka 2004, katika kliniki za tiba na matunzo zijulikanazo kwa kifupi kama CTC. Mgonjwa hutunza kadi yake iitwayo CTC1. Kliniki nayo hubaki na fomu ya CTC2, ambayo habari zake huingizwa katika kompyuta. Nchini Kenya, Uganda na Rwanda mifumo iliyojengwa juu ya OpenMRS imeenea katika vituo vingi. Hivyo mbegu iliyopandwa Mosoriot imezaa kwa majirani, kila nchi ikiipalilia kwa namna yake.

HATARI ZISIZOPASWA KUSAHAULIWA

Mwanasayansi mwaminifu hueleza pia mipaka ya kifaa anachokisifu. Mpaka wa kwanza ni ukweli wa habari zenyewe. Uzito ulioandikwa kilo 6 badala ya 60, au jibu la maabara ambalo halikuingizwa, humfanya kompyuta atoe kikumbusho cha uongo. Tabibu akidanganywa na vikumbusho mara tatu, mara ya nne hatavisoma. Kwa sababu hiyo kanuni ziwe chache na za maana, na tabibu awe na nafasi ya kuandika kwa nini hakukifuata kikumbusho. Sababu yake yaweza kuwa njema kuliko kanuni.

Mpaka wa pili ni siri ya mgonjwa. Jalada moja likiibwa, siri ya mtu mmoja imetoka. Kompyuta ikiibwa au neno la siri likigawiwa ovyo, siri za maelfu huenda zikatoka kwa siku moja, na katika jamii ambamo unyanyapaa bado upo, siri hiyo yaweza kumvunjia mtu ndoa au kazi. Sheria za UKIMWI za Kenya ya mwaka 2006 na Tanzania ya mwaka 2008 hulinda usiri wa majibu. Aidha, Kenya ilitunga sheria ya kulinda taarifa binafsi mwaka 2019, na Tanzania mwaka 2022. Lakini sheria haifungi mlango wa chumba cha kompyuta. Unafungwa na karani anayeelewa kwa nini ufunguo huo umekabidhiwa kwake.

Mpaka wa tatu ni gharama. Mifumo mingi ya namna hii ilijengwa kwa fedha za wafadhili, hasa mpango wa PEPFAR wa serikali ya Marekani ulioanza mwaka 2003. Mwezi Januari 2025 serikali hiyo ilisimamisha kwa ghafla sehemu kubwa ya misaada yake ya nje. Mshahara wa karani, chaji ya intaneti na matengenezo ya mashine ni mambo madogo katika bajeti ya taifa. Yakikatika, ndiyo yanayoifanya kumbukumbu inyamaze. Nchi inayotaka daftari lake lisipotee haina budi kulihesabu miongoni mwa mahitaji yake ya lazima, kama inavyohesabu dawa na chanjo. Tena yahitaji vijana wa kulitunza: watu wanaojua programu na takwimu, na wakati huo huo wanaojua kliniki inavyofanana saa nne asubuhi, foleni ikiwa imefika uani.

Vijana hao wako katika shule zetu sasa. Ndiyo sababu tunamalizia kwa maswali ambayo walimu wa hisabati, baiolojia na uraia wanaweza kuyatumia darasani.

MASWALI

1. Kwa kutumia kanuni ya Luhn, tafuta tarakimu ya uhakiki ya namba 20486. (Jibu: 7.)

2. Tarakimu 0 na 9 zikiwa jirani zikapinduliwa, kanuni ya Luhn hushindwa kulitambua kosa hilo. Onyesha sababu yake kwa hesabu. Kidokezo: linganisha thamani ya 0 na ya 9 kabla na baada ya kuzidishwa kwa 2.

3. Chukua kadi ya kliniki ya mtoto mdogo wa nyumbani kwenu, kwa ruhusa ya mzazi wake. Andika kanuni tatu za kukumbusha chanjo, kila moja ikianza kwa neno "ikiwa" na kuendelea kwa neno "basi". Ni habari gani ambazo kompyuta ingehitaji ili kuzitekeleza?

4. Katika uchunguzi wa mwaka 2013, asilimia 32 ya mambo yaliyochelewa hayakutimizwa ingawa vikumbusho vilitolewa. Jadilini sababu zinazowezekana, na mseme ni zipi ambazo kompyuta ingeweza kuzitatua na ni zipi isingeweza.

5. Mwajiri anaomba orodha ya wafanyakazi wake wanaotibiwa katika kliniki fulani, akidai kwamba anataka kuwasaidia. Karani ajibu nini, na kwa nini?